Mashine ya Muhogo Niliyosema Haitumiki

Mwezi uliopita ofisi yangu ya zamani iliniita nije niongee na nyie waajiriwa wapya. Nikapewa dakika kumi. Nikasimama, nikamtambua mgeni rasmi, nikawatambua wakurugenzi, maprofesa, wawakilishi wa vyuo na wa wizara, mmoja mmoja kwa cheo chake, na nilipofika kwenye itifaki imezingatiwa, binti wa mbele akaninyanyulia kikaratasi: dakika mbili. Nikasema chapeni kazi, nikaketi, mkapiga makofi. Yale makofi yaliniuma. Mtu umefanya kazi miaka zaidi ya ishirini na mitano, halafu unakuja kuwaambia watoto wa watu chapeni kazi! Kwa hiyo nimekaa hapa nyumbani Mwananyamala, chai ipo, umeme leo upo, nawaandikia kile nilichokuwa nacho tumboni. Na wewe unayesoma ambaye si wa ofisi yetu usipate tabu, nitakueleza kila kitu.

Ofisi yetu inatoa ruzuku ya serikali kwa watafiti wa vyuo vikuu. Mtu kagundua kitu maabara, serikali inampa fungu akitengeneze, akijaribu kwa watu, na mwisho kiingie sokoni kiwasaidie wengi. Fungu halitoki lote kwa mkupuo. Inatoka awamu ya kwanza, halafu anatumwa ofisa ufuatiliaji akaone kama kazi inafanyika kweli, na akisema ndiyo, inatoka awamu ya pili. Huyo ofisa nilikuwa mie. Sikuwa mwanasayansi, nilianza na uhazili, nikajiendeleza jioni jioni. Kazi yangu ilikuwa kwenda, kuona, kurudi na kuandika nilichoona. Mtadhani ni kazi nyepesi. Na mie nilidhani hivyohivyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Mapunda, mtu wa Songea, mwembamba, mkali, kofia haimtoki kichwani. Safari yangu ya kwanza nilifuatana naye Temeke kuangalia mashine ya kutengeneza mkaa kwa vumbi la mbao. Profesa mwenye mradi akatupokea kwa bashasha, soda zimepangwa, viti vimevalishwa vitambaa. Akatuambia mashine inafanya kazi kila siku tangu mwaka jana. Mie kwa ugeni wangu nikaandika vilevile, kila siku tangu mwaka jana, nikapigia mstari. Mzee Mapunda hakugusa soda. Akaniambia, "Zuhura, hebu nenda kazungushe ule mpini."

Nikaenda, nikaushika, nikauzungusha. Nilipotoa mkono, rangi ya kijani kiganja kizima, mpaka kwenye bangili! Walikuwa wameipaka asubuhi ileile. Profesa akaanza kuangalia mabati ya juu kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Mzee akaniambia mbele yake, taratibu kabisa, "Mashine inayofanya kazi inakuwa na jasho, binti. Ukienda popote, tafuta jasho."

Basi ikawa ndiyo kanuni yangu. Nikifika kwenye mradi natafuta uchafu. Grisi iliyoshikana na vumbi, mpini uliochakaa pale tu mkono unaposhika, sakafu iliyolika anaposimama mtu. Mashine ya chakula cha kuku naichokonoa nyufa kwa pini ya nywele, nione pumba. Mashine safi nilikuwa naichukia kama mtu aliyenitukania mama. Na kwa sehemu kubwa bado ni kanuni nzuri, nawaambia. Shikeni vitu kwa mkono. Soda mtakunywa baadaye. Mkifika, kabla ya mkuu wa idara mtafuteni anayefagia, maana mkuu anajua ripoti ila anayefagia anajua mashine iliwashwa lini mara ya mwisho. Na msitangaze safari mapema mno, rangi inakauka kwa siku moja tu.

Ila msije mkadhani watafiti wetu ni matapeli. Weee! Wa rangi ya kijani nimekutana nao wachache sana. Wengi ni watu ambao ungewaamkia hata kama umewazidi umri. Nilimkuta mwalimu wa kemia ana mizani moja ya maabara kwa idara nzima, kawapangia wanafunzi zamu kuanzia alfajiri, na kazi inakwenda, na hasira hana. Nilimwona mama mmoja mtafiti wa uyoga kaja ofisini kwa miguu yake, hajaitwa na mtu, ananiambia, "Dada, jaribio limegoma. Naomba muandike limegoma, asije mtu mwingine akapoteza miaka yake kama mie." Nilisimama nikampa mkono. Serikali ikitoa fungu na mtu akarudi na ukweli mchungu namna ile, fungu hilo halikupotea hata kidogo. Aliomba tena kwa kitu kingine, akapewa, na mie nilikuwa wa kwanza kumpigia simu.

Zamani tulikuwaga hatuulizi habari za soko. Mtafiti anaandika makala, inachapishwa nje huko, sie tunatia nakala kwenye faili, tunalifunga, tunapongezana. Halafu swali likaanza kushuka kutoka juu: sasa kitu chenyewe kiko wapi? Mwananchi anakipata wapi? Vyuo vikaanzisha ofisi za kuuza ugunduzi, na wahadhiri wakatakiwa wakae meza moja na mafundi na wafanyabiashara. Jamani, hapo palikuwa na vituko. Mtu kafundisha miaka kumi hajawahi kubishana na fundi wa kuchomelea, leo anaambiwa huyu ndiye mshirika wako.

Na hapo ndipo nilipomfahamu Dokta Tumaini. Mhadhiri wa uhandisi kwenye chuo kimoja hapa mjini, kijana wa Iringa, mpole, anaongea kwa sauti ya chini mpaka inabidi umsogelee. Alikuwa kabuni mashine ya kukamua muhogo. Mnajua muhogo mchungu una sumu. Ukishaukwaruza lazima uukamue maji yote kabla ya kuanika, na kina mama wetu wanaushindilia kwenye viroba wanaukandamiza siku mbili tatu, unachacha, unanuka, unga unatoka wa kijivu. Mashine ya Dokta ni ya mkono, ina skrubu kubwa na chujio ambalo halizibi hovyo, na kiroba kinakauka muda wa mtu kunywa chai. Kwenye karatasi nilielewa nusu. Nilielewa yote nilipofuatana naye Temeke, karakana ya fundi Selemani, aliyechaguliwa kuzitengeneza.

Selemani alikunjua mchoro juu ya tanki bovu, akautazama, akakuna kidevu. "Dokta, hii boliti umeitoa wapi?"

"Iko kwenye katalogi," Dokta akasema.

"Na hiyo katalogi iko Gerezani?"

Nilicheka mpaka nikaona haya. Gerezani ndiko mafundi wote wa mji huu wanakonunua vyuma, na kama boliti haipo kule, mashine ikikatika boliti ndiyo imekufa. Nikasubiri Dokta akasirike. Nimewaona madokta ambao wangemwambia fundi akasome kwanza. Huyu kijana akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia na suruali yake ya ofisini, akatoa penseli. "Niambie Gerezani kuna zipi," akasema. Wakaanza upya, boliti kwa boliti, wanabishana, wanafuta, mpaka mchana ukaisha na mie nimeshasinzia kwenye kiti. Mashine ikatoka nyepesi kuliko ya kwanza, na fundi yeyote wa Temeke akaweza kuitengeneza. Nilimpenda mtoto yule kutoka siku hiyo. Mkikaa kupitia maombi ya watu, ulizeni swali la Selemani kwanza, ndipo muulize yale maswali yenu marefu.

Ila kumpenda hakukunizuia kumfanyia nililomfanyia.

Awamu ya kwanza, mashine moja ilipelekwa kwa kikundi cha kina mama Kigamboni, mwenyekiti wao anaitwa Mama Siwema. Awamu ya pili ingetengeneza nyingine nyingi kwa Selemani, zipimwe, zipate alama ya ubora, ziingie sokoni. Katikati ya hizo awamu mbili nimekaa mie na kalamu yangu. Nikisema haitumiki, mradi umekwisha: mashine inarudi chuoni kukaa stoo, kina mama wanarudi kwenye viroba vyao, Dokta anarudi darasani na jina la mtu aliyepewa ruzuku akashindwa.

Nikaenda kama nilivyofundishwa. Sikumwambia mtu. Asubuhi nikavuka kwa pantoni, nikachukua bajaji mpaka lami ikaisha na mbele kidogo. Nikafika kwenye banda la kikundi. Hodi. Hodi tena. Kimya. Mashine ipo katikati, imefunikwa mkeka. Nikafunua. Lo! Inang'aa. Nikashika mpini, mkavu. Nikachungulia chujio, hakuna hata chembe ya muhogo. Nikatoa pini yangu ya nywele nikachokonoa, hakuna kitu. Sakafu imefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Akapita msichana na ndoo yake kichwani, nikamuuliza wenye banda wako wapi. "Shikamoo mama. Wote wako msibani."

Nikaitikia marahaba, huku moyoni nasema, mwenzangu, hii ya msiba nimeshaisikia. Kwenye kazi yetu kila mradi uliokufa una msiba wake. Nilishaambiwa msiba mara tatu kabla ya hapo na mara mbili nilikuta hakuna aliyekufa zaidi ya mradi wenyewe. Basi nikapiga picha, mbele, nyuma, ubavuni, nikaondoka zangu. Na ofisini nikaandika sentensi ambayo niliionea fahari, Mungu anisamehe: "Mashine ni safi mno, haina dalili yoyote ya kutumika. Napendekeza mradi usitishwe." Mkuu wangu akaisifia kwa ufupi wake.

Awamu ya pili ikazuiwa. Dokta Tumaini akaandika barua ya kujitetea, kurasa tatu, bila hata neno moja la ukali. Sasa sikilizeni utaratibu wetu ulivyokuwa. Barua ya malalamiko inarudishwa kwa ofisa aliyeandika ripoti, aitolee maoni. Yaani inarudi kwangu mie! Nikaisoma ukurasa wa kwanza, simu ikalia, nikaenda kwenye kikao, niliporudi nikaandika pembeni, "Sina la kuongeza." Kurasa mbili za nyuma sikuzigusa. Nyie mna mfumo wa mtandaoni siku hizi, kila hatua inaonekana nani kafungua na nani kafunga, na nasikia malalamiko yanakwenda kwa mtu mwingine. Nimefurahi sana. Msije mkaona ni usumbufu.

Miezi ikapita, zikabaki siku chache kamati ikae ifunge rasmi faili lile, na baada ya hapo gari la chuo liende Kigamboni kuibeba mashine; barua ya kuwaarifu kina mama ilishapelekwa kwa mtendaji wa mtaa wao.

Mie kwetu ni Newala. Ugali wa muhogo kwangu si chakula cha shida, ndicho chakula. Jumatano moja jioni nimetoka kazini, nikapita dukani kwa mangi wa mtaani kwetu nikakuta unga wa muhogo kwenye mifuko. Mweupe! Nikafungua mfuko mmoja dukani palepale, nikanusa, haunuki. Nikaupika, nikala, nikakaa nikaitazama sahani. Unga wa namna ile nilikuwa sijauona Dar es Salaam. Kesho yake nikamuuliza mangi ameutoa wapi.

"Unatoka ng'ambo, mama. Kina mama wa Kigamboni wanauleta kila Jumanne. Ukichelewa hupati."

"Wanaukamuaje ukawa hivi?"

"Sasa mie nauza duka, nitajuaje?"

Nikageuza mfuko. Kwa nyuma pameandikwa jina la kikundi, na chini yake jina la mwenyekiti. Siwema. Nikaomba kiti. Mangi akadhani sukari imepanda, akaniletea maji.

Jumamosi nikavuka. Safari hii niliwakuta wote. Wengine wanamenya, wengine wanakwaruza, wawili wako kwenye mpini wanazungusha, maji yanatiririka meupe kama tui. Mama Siwema ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, sauti yake inafika kabla yake. Akaniuliza shida yangu. Nikasema mie mteja wa unga. Ndiyo, nilidanganya. Nilikuwa na kitambulisho cha ofisi kwenye mkoba na sikukitoa.

Nikakaa pale saa mbili nzima. Walipokamua kiroba cha mwisho, hakuna aliyeketi. Wakaifungua ile mashine vipande vipande. Maji ya moto yakaja, brashi ikaja, wakasugua chujio tundu kwa tundu, wakakausha kwa kitambaa, wakapitisha mafuta ya kula kidogo kwenye skrubu, wakaufuta mpini, wakafagia, wakafunika mkeka. Mbele yangu ikatokea ileile mashine niliyoiandikia ripoti.

Nikauliza kwa sauti ya kujikaza, "Huwa mnaiosha kila siku?"

Mama Siwema akanitazama juu mpaka chini. "Mama, kwani wewe kwako sufuria unaiosha baada ya siku ngapi?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akanionea huruma, akaniambia Dokta ndiye aliyewafundisha, maji ya muhogo yanakula chuma, na kwamba chombo cha chakula kikilala kichafu unga unaharibika. Nilinunua mifuko miwili nisiyoihitaji nikaondoka. Kwenye pantoni nilisimama peke yangu ubavuni nikilia, na mie si mtu wa kulialia.

Usiku haukufika nikawa nimeshapata ujanja. Siwafichi, maana na nyie mtaujua siku moja. Nikaandika taarifa ya nyongeza: "Tangu ziara ya kwanza, matumizi ya mashine yameanza na yanaendelea vizuri." Hebu itazameni ilivyo tamu. Mradi unapona, kina mama wanabaki na mashine, Zuhura hajakosea popote. Asubuhi ya Jumapili nikaichukua nikaenda nayo Tandika kwa Mzee Mapunda, ambaye alikuwa ameshastaafu, nikamwamkia, nikamweleza yote, nikampa karatasi.

Akavaa miwani, akasoma. "Yameanza," akasema. "Yameanza lini?"

Nikanyoosha mkono kuichukua karatasi.

"Maana kama yameanza juzi, kijana wa watu alikula fungu la serikali mwaka mzima bila kazi. Ndivyo faili litakavyosema. Akiomba tena kokote, litatolewa hilo faili."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Au nililifikiria nikalipita. Nikaanza kujitetea, nikamwambia, "Mzee, si wewe uliyenifundisha? Tafuta jasho. Mashine safi haifanyi kazi."

Akavua miwani. Nilimwogopa kama siku ya kwanza. "Mie nilikufundisha mashine za mkaa, Zuhura. Za chuma na mbao. Za jikoni sikukufundisha kwa sababu mie ni mwanaume wa Kingoni, jikoni siingii. Wewe jiko ulilijua toka kwa mama yako. Ulipofika pale uliliacha wapi?"

Nikaichana ile taarifa ya nyongeza palepale barazani kwake. Akaniitia chai. Tukanywa, na nilipoaga akaniambia nikaseme kwa mdomo, nisiandike, kwa sababu kwenye karatasi ningetafuta maneno ya kujificha. Yule mzee alikuwa ananijua.

Kamati ilikaa katikati ya wiki. Mwenyekiti profesa mmoja mama, mkavu, hacheki na mtu. Faili lilipofika nikaomba kusema. Nikasema mashine inafanya kazi tangu siku ilipofika, inaoshwa kila siku kwa sababu ni chombo cha chakula, mie nilikuta imeoshwa nikasema haitumiki. Kina mama walikuwa msibani kweli kama Dokta alivyoandika, mie niliambiwa sikuamini. Barua ya Dokta niliirudisha bila kuisoma yote, na kwenye ukurasa wa tatu, ambao nimeusoma jana, ameeleza kila kitu pamoja na orodha ya maduka yanayouza unga.

Mjumbe mmoja akasafisha koo. "Bi Zuhura, unaelewa kwamba tukikubali hili, itabidi tutilie shaka na ripoti zako nyingine?"

"Zitilieni," nikasema. "Hata mie nazitilia."

Mwenyekiti akaandika muda mrefu. Akaagiza aende ofisa mwingine, tena waende wawili. Mie nikapewa barua ya onyo, na ilikuwa haki yangu. Faili halikufungwa. Wale maofisa wawili walikaa Kigamboni siku mbili wakarudi na mfuko wa unga kila mmoja, na awamu ya pili ikatoka yote.

Dokta Tumaini nilikutana naye koridoni. Nilishajiandaa. Akaniwahi yeye na shikamoo yake ya chini. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea." Mnajua alichonijibu? "Mama, na mie nina kosa. Kwenye ripoti yangu niliandika tani za muhogo na kasi ya skrubu. Kuoshwa sikuandika, niliona si sayansi." Mtu nimemfungia njia karibu mwaka, anatafuta kosa lake! Baadaye aliniomba nimsaidie kuandika maelekezo ya matumizi ya mashine, na sehemu ya kuosha ndiyo ndefu kuliko zote. Leo hii zinatoka kwa Selemani na kwa mafundi wengine aliowafundisha, zinapakiwa kwenda kusini mpaka kwetu Newala, na chuo kinapata mgao wake kwa kila moja. Dada yangu anayo. Mashine iliyobuniwa hapa, kwa fungu la nchi hii, na boliti za Gerezani. Nikiiona najisikia fahari ambayo sistahili, lakini naisikia.

Wiki ile ile ya kamati nilirudi Kigamboni, safari hii na kitambulisho shingoni. Nikawaambia kina mama mie ni nani. Nikawaambia ile barua iliyokuja kwa mtendaji, kwamba mashine itachukuliwa, chanzo chake mimi, nilikuja mkiwa msibani nikaikuta safi nikasema hamuitumii. Nikaomba radhi. Nilitegemea kutukanwa, na nilikuwa tayari, hata nilitamani.

Hakuna aliyefoka. Mama Siwema alikuwa anaufuta mpini, akaendelea kuufuta. Nikamuuliza, mlipopata ile barua mbona hamkuja ofisini kulalamika?

"Tulalamike nini, mama?" akasema. "Sie kitu cha serikali tukipewa tunajua ipo siku mtakuja kukichukua. Ndiyo maana tunakiosha hivi. Mkija mkikute kizima, msituambie tumekiharibu."

Alisema bila ubaya wowote, akanisogezea kigoda nikae.